Chumba Tulichojenga Juu ya Shamba la Mama

Mtu akitaka kujenga Goma hachimbi msingi, anavunja mawe. Volkano ilikwisha kumwaga sakafu nyeusi, ngumu, yenye meno, na kazi ya mwenye parseli, kipande chake cha ardhi, ni kuikwaruza mpaka ikubali kulala sawa. Ndiyo maana mitaa yetu inaamka na sauti ya nyundo. Mama yangu alizaliwa Butembo, kwenye milima ya udongo mwekundu, akaolewa Kiwanja, ule mji wa masoko ulio jirani na Rutshuru. Alipokuja mara ya kwanza kuona parseli tuliyonunua mimi na mume wangu, alisimama mlangoni akatazama chini kwa muda mrefu, kisha akanivuta pembeni kuniuliza kama nina amani na bwana wangu. Alidhani mwanaume anayempeleka mke kuishi juu ya mawe lazima ana neno moyoni.

"Mutu haishi juu ya majiwe sawa mujusi," aliniambia. "Utapanda wapi mboga ya lengalenga?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, na aliporudi kwake alianza kunitumia udongo. Ulikuja kwanza kwa magunia, chini ya maharage, kwenye malori ya wafanyabiashara aliowajua. Baadaye, lori la rafiki yake mmoja liliposhuka Goma likiwa nusu tupu, alilijaza. Ulikuwa udongo wa shamba lake mwenyewe, la bondeni nyuma ya Kiwanja: mweusi, mzito, unaonata kwenye vidole. Kando ya nyumba yetu palikuwa na shimo, mahali ambapo mawe ya volkano yalijikunja yalipokuwa yakipoa, upande mmoja likiwa la kina kifupi na upande wa pili la kumzidi mtu. Tulimwaga humo mpaka likajaa. Majirani waliokuwa wamenicheka wakaja na mabeseni kuomba kidogo cha maua yao. Niliwapa, na sitaficha kwamba nilijisikia. Katika mtaa mzima mimi peke yangu nilikuwa na kipande cha shamba la nyumbani.

Tabia ya udongo ule tuliijua wote. Kule Kiwanja, jua la kiangazi likikaza, shamba la mama lilikuwa linapasuka mistari mipana ambayo mtoto angeweza kupotezea sandali. Mvua ikirudi, linashika mguu na halikuachii mpaka ulipe kiatu. Hakuna mtu aliyejenga bondeni, nyumba zote zilikaa juu karibu na barabara. Lakini kwetu hiyo ilikuwa habari ya jembe. Hakuna aliyeiweka kichwani kama habari ya nyumba.

Vita viliposhuka upande ule, mama alikuja kwetu. Alikuwa mjane tayari. Alipanda pikipiki, kisha basi dogo, akafika na furushi la nguo na rozari shingoni. Nilifurahi kumwona mzima, na furaha yangu haikumaliza siku, kwa sababu jioni ile ile swali likakaa katikati yetu: mama atalala wapi?

Nyumba yetu ni ya mbao, sebule na vyumba viwili, na mama alikuwa mtu wa zamani. Kwa kina sisi, mama na mume wa binti yake wanaogopana kwa heshima. Hawalali chini ya paa moja. Hawali wakitazamana. Akipita huyu, yule anageuza uso. Mtu akiishi Kiwanja na mkwe wake akiishi Goma, desturi hiyo ni nyepesi kama kanga mpya, barabara yenyewe inaitunza. Ndani ya parseli moja inakuwa mzigo. Familia nyingi Goma zimeshaitua, hasa tangu watu waanze kukimbia na kubanana. Mama hakutaka kuitua. Mume wangu, ambaye kwao ni upande wa Bukavu, alilelewa na heshima hiyo hiyo, hivyo akirudi kazini alikuwa anasimama kwenye lango la parseli yake mwenyewe na kukohoa, mama apate nafasi ya kujiondoa uani, ndipo aingie.

Mwanzoni mama alienda kulala kwa mjane mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa. Kisha ndugu za yule mjane nao wakakimbia, wakajaa kwake. Mama akahamia jikoni kwetu, kibanda cha mabati nje ya nyumba, karibu na makaa. Kifua kikaanza kumbana. Nilimwambia padri amesema Mungu hamhesabii mtu dhambi kwa kulala kwa mkwe wake wakati wa shida. Mama akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa akichambua.

"Padri hana mukwe," alisema.

Basi ikabidi tumjengee chumba, tena upesi, kabla ya mvua. Mume wangu alitaka tuvunje mawe mbele ya nyumba. Nilimwonyesha bustani yangu, pale kwenye shimo tulilolijaza. Ilikuwa tambarare, ilikuwa tayari, na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa saba, ilikuwa kavu na ngumu mpaka inang'aa. Fundi aliinua sululu, akapiga, sululu ikaruka. Alipiga tena, akapata kipande kidogo kisichotosha kufunika kiganja. Akafuta jasho, akatabasamu kama mtu aliyepunguziwa kazi.

"Hii udongo ni jiwe kabisa," alisema. "Tutaweka fondasio ya chumba hapa hapa."

Mume wangu aliinama kutazama pale sululu ilipopiga. Utotoni mwake Bukavu, nyumba ya wazazi wake iliteremka kwenye korongo mvua ilipokaa sana mlimani, na tangu hapo yeye hamwamini mtu anayesifu udongo. Alichukua kile kipande kilichotoka kwenye sululu, akakitia kwenye kikombe cha maji na kukiweka juu ya kizingiti. Tulikaa tukakitazama. Kilitoa mapovu madogo. Kikavimba. Kona zake zikaanza kumeguka moja moja, na tulipomaliza chai hapakuwa na kipande tena, palikuwa na uji mweusi.

"Ona, iko nakunywa," alisema.

Nilimjibu kwamba hakuna atakayekitia chumba cha mama kwenye kikombe. Fundi alicheka, na mama, aliyekuwa ametupa mgongo jikoni, akakohoa kile kikohozi chake cha makaa. Nadhani kikohozi kile ndicho kilichomshinda mume wangu. Alimwaga ule uji, akasuuza kikombe, akamwambia fundi aanze.

Tulijenga kwa matofali ya sima, yaani saruji, si kwa mbao, kwa sababu tulitaka mama awe na ukuta. Nusu ya chumba ilikaa pale shimo lilipokuwa fupi, mawe yakiwa karibu chini yake. Nusu ya pili ilikaa juu ya udongo mtupu. Kwa macho ilikuwa nyumba moja. Mama alipopewa ufunguo aliufunga kwenye ncha ya kitenge chake, na siku zilizofuata nilimwona mara nyingi akiupapasa. Alipanda vitunguu kando ya ukuta, mstari ulionyooka, na kila alipooga alivimwagilia maji yake ya kuogea. Hapa kwetu maji hayatupwi ovyo. Kifua kilitulia. Mume wangu akaacha kukohoa langoni kama mlinzi, akawa anakohoa kidogo tu, kwa adabu.

Mvua za kwanza zilipopiga, mlango wa mama ukakwama. Tulisema ni mbao zimevimba. Mume wangu akaondoa ubao wa mlango, akauparuza, akaurudisha, na mvua iliyofuata ukakwama tena. Haukuwa ubao. Udongo chini ya sakafu ulikuwa umekunywa, ukajaa, ukainua upande mmoja wa chumba, huku upande uliokaa juu ya mawe ukibaki ulivyo. Ufa ukatokea kwenye kona ya dirisha, mwembamba kama unywele, ukapanda kwa mshazari kuelekea bati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuziba kwa sima nzuri, na wiki chache baadaye ufa mwingine ukafunguka pembeni ya kiraka, kiraka chenyewe kikiwa kizima kabisa.

Mvua zilipokolea, udongo ukaacha kuvimba, ukaanza kulegea. Mume wangu alichukua kijiti cha kawaida, akakisukuma kwa mkono karibu na ukuta wa nyuma, kikazama chote. Ni pale pale fundi alipopiga sululu ikaruka. Kona ya nyuma ikaanza kushuka. Mpira wa watoto ukiingia chumbani kwa mama ulikuwa unajiendea wenyewe mpaka kwenye ile kona, na watoto waliona ni mchezo mzuri sana.

Halafu yakaja majuma ya jua, na hapo ndipo tulidanganyika zaidi. Ufa ulijikaza. Mlango ukafunguka kwa kidole kimoja. Mama akasema, "Imepona," kama anavyosemwa mgonjwa, na mimi nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Lakini udongo ulikuwa unakauka na kujivuta. Ulijitenga na ukuta, ukaacha mwanya ambao vidole vyangu viliingia, na chini ya ile kona ukaacha utupu. Mvua iliporudi, maji hayakuhitaji kutafuta njia, yalishuka moja kwa moja kupitia mwanya ule. Ufa uliojikaza ukafunguka mpana kuliko mwanzo.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Ule udongo ungekuwa umelowa siku zote, au umekauka siku zote, labda tungezoeana. Shida yake ni kubadilika. Leo unakubeba, kesho unakusukuma, kesho kutwa haupo. Wakati ule kila kitu katika mji wetu kilikuwa hivyo, bei, barabara, watu waliotoa amri, na nikirudi nyumbani nilitaka kukuta angalau sakafu isiyo na mawazo mapya.

Tulifanya tulichoweza. Mume wangu alichonga mfereji kupeleka mbali maji yaliyokuwa yanafurika kutoka kwenye pipa la mvua. Mimi nikabeba kazi niliyoichukia, kumwambia mama aache kumwagilia vitunguu. Nilijaribu kusema taratibu. Alinisikiliza, kisha akainama, akang'oa vitunguu vyote vikiwa bado vidogo, akavipanga kwenye beseni.

"Ni mie nilituma ule udongo," alisema.

"Mama, hakuna mutu anasema hivyo."

"Nilidhani ukitoka kwetu utaacha tabia zake."

Nilitaka kumkumbatia na pia nilitaka kupiga kelele. Nilienda kuosha vitunguu.

Ulipofika wakati ambapo kwenye ufa ule mtu aliweza kuona nguo za jirani zikiyumba kambani, mume wangu alisema mama asilale mle tena. Aliniambia mimi nimwambie mama, ingawa mama alikuwa hatua chache tu, amekaa ametugeuzia mgongo, akisikia kila neno. Hivyo ndivyo walivyozungumza siku zote, mimi nikiwa kama waya wa simu katikati yao.

"Umuambie mama, tafazali, aingie mu nyumba kubwa."

"Umuambie papa wa batoto asante sana," mama alijibu. "Lakini siwezi lala mu nyumba ya mukwe wangu. Nitabaki mu chumba yangu."

"Ukuta utakuangukia, mama," nilisema.

"Utaniangukia nikiwa na heshima yangu."

Kuvunja mawe hakukuwezekana mpaka kiangazi kirudi, maana mvua zilikuwa zinashuka kila siku na wavunja mawe walikuwa wametawanyika. Jioni ile mume wangu alikunja godoro letu dogo, akachukua blanketi na mto. Alipita uani akitazama ardhi, akasimama mbali kidogo na mgongo wa mama, na kwa mara nyingine alisema na mimi ili mama asikie.

"Mama atalala mu nyumba na wewe na batoto. Mie nitalala mu kile chumba."

Mama hakukataa. Desturi ilikuwa salama: paa mbili, watu wawili. Alifungua ufunguo kutoka kwenye kitenge, akaniwekea mkononi nimpe. Nilisimama katikati ya ua nikiwa na ufunguo wa chumba kinachoanguka, nikiutoa kwa mama yangu na kumkabidhi mume wangu, na wote wawili wakaniambia asante.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu mbaya. Ninauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ninazichukua Kituku boti zinapoingia, na wateja wangu wanajua kwamba nina ulimi. Majuma yale hata wao walinikimbia. Niliwachukia wote wawili kwa upole wao. Mama alikuwa anaamka mapema amwachie mume wangu maji ya moto mlangoni, kisha ajifiche. Mume wangu alikuwa anampelekea mkate kupitia kwa watoto. Watu wawili wenye adabu kupita kiasi, na katikati yao ukuta unainama. Kila wingu lililotoka upande wa ziwa nililisemesha, na sijui hata kama nilikuwa ninasali au ninatukana. Nilimwambia mume wangu alale sebuleni kwa jirani. Akasema kwa jirani wamejaa, na isitoshe mama akijua atarudi kwenye chumba chake. Alikuwa sahihi, mama angerudi.

Kisha ikanyesha mvua ya mchana, ile nzito isiyo na upepo. Mimi nilikuwa sokoni, nimejibanza chini ya turubai. Mume wangu alikuwa kwenye depo anakofanya kazi ya ukarani. Mama alikuwa nyumbani na watoto. Alinisimulia baadaye kwamba hakusikia kishindo kikubwa. Alisikia kitu kama gunia la chumvi kikishushwa chini. Alitoka na beseni kichwani kama mwavuli, akafika kwenye kile chumba, akasimama. Kuingia mahali mkwe wako anapolala, godoro lake likiwa limetandikwa, ni jambo ambalo mama alikuwa hajawahi kulifanya na alinifundisha kama jambo lisilofanyika.

Akaingia. Tofali la juu ya dirisha lilikuwa limeachia. Lilikuwa limelala kwenye mto, katikati kabisa, pale kichwa kinapokaa, na sima iliyosagika ilikuwa imetapakaa kwenye blanketi.

Nilipofika nilikuta godoro limeegemezwa kwenye ukuta wa sebule yetu na mto umefuliwa. Mama alikuwa jikoni akisonga bugali. Aliniambia kilichotokea kwa maneno machache, bila kuacha kusonga, nami nikakaa juu ya kindoo. Nilimuuliza tufanye nini. Akaniambia nipange sahani mezani, zote pamoja.

Jioni mume wangu alifika langoni. Akakohoa. Kwa kawaida mama angekuwa ameshanyanyuka. Alibaki amesimama kwenye mlango wa nyumba, uso wake ukitazama lango. Mume wangu akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, akidhani hajasikika.

"Papa wa batoto," mama alisema, "kuya. Ingia mu nyumba."

Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kusikia mama akimsemesha moja kwa moja. Mume wangu alinitafuta kwa macho ili nimfikishie jibu. Niligeuka nikaendelea kupanga sahani.

"Mama, nitapita kwanza kule..." alianza, akitazama viatu vyake.

"Kule kumeanguka. Ingia, chakula iko tayari."

Aliingia. Mama alimwonyesha kiti, naye akakaa upande wa pili wa meza, ana kwa ana. Mama akanawa, akamega bugali, akachovya, akaitia mdomoni huku mume wangu ameinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa shati.

"Kula," mama alimwambia. "Mie niko nakula. Angalia."

Mume wangu akainua macho, akamwona mama mkwe wake akitafuna. Akamega tonge dogo. Walikula hivyo mpaka sahani zikaisha, hakuna aliyeomba chumvi. Baada ya hapo alimwambia mume wangu godoro lake liko chumbani kwetu, na kwamba yeye atalala sebuleni na watoto.

Tulitoka nje mimi na mama kuosha vyombo. Ningependa kuandika kwamba nilihisi furaha, maana mume wangu alikuwa hai na mama yangu alikuwa hai na wote walikuwa juu ya mawe. Nilihisi kwamba nimeona mtu akivuliwa nguo. Nilimwambia, "Asante, mama."

Aliendelea kusugua sufuria. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hakuyafuta, mikono ilikuwa na sabuni.

"Shamba walinyanganya," alisema. "Nyumba walinyanganya. Hii haya ya mukwe, hakuna askari mwenye aliiweza. Nilitoka nayo Kiwanja, nikafika nayo hapa. Leo nimeitoa mie mwenyewe." Akasuuza sufuria, akaigeuza juu ya jiwe. "Watu walikuwa wananiita mukimbizi, mie nasikia tu. Leo ndio nimekimbia kweli."

Nilichukua ile sufuria, nikaingia nayo ndani.